Kanga za Mama Oakes

Saa mbili asubuhi, siku ya Jumatano, Swalha alichana kidogo ubavu wa gunia lake, kiasi cha mkono kupita. Alikuwa kwenye stoo ya ofisi ya kago ya Mzee Harun, pale Sanyuanli, huko China, na alichotaka ni doti moja tu ya kanga, aivae wakati wa kutazama matokeo ya Marekani. Akaingiza mkono, akavuta, na macho yake yakakutana na Gavana Harlan Boyd, kofia ya mchunga ng'ombe kichwani, meno yote nje.

Akavuta nyingine. Boyd. Akachana gunia la pili na la tatu, akachimba mpaka mtandio ukamdondoka. Katika magunia yake yote matatu hapakuwa na hata kanga moja ya Mama Oakes.

"Mzee Harun!" alipiga ukelele uliomtoa mwenye ofisi msalani na povu la sabuni shavuni. "Njoo utazame! Nimeibiwa!"

Katika Marekani ya hadithi hii, mambo yalikwenda kombo tangu mwanzo wa mwaka. Vyama vyote viwili viliwatupa nje wagombea wao wakubwa, wale ambao dunia nzima ilikwisha kuzichoka sura zao, na Novemba ikafika wamebaki watu wawili ambao Wamarekani wenyewe iliwabidi waulizane majina. Mmoja alikuwa huyo Boyd, gavana wa Nebraska, tajiri wa ng'ombe. Wa pili alikuwa Miriam Oakes, jaji mstaafu wa Ohio, ambaye ujanani alifundisha hesabu Lushoto. Wataalamu wote walisema Boyd atashinda hata akilala. Kwenye mdahalo wa mwisho Boyd alimcheka kwamba hakuwa lolote ila mwalimu wa shule ya milimani. Mama Oakes akamgeukia, akamwambia kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kisambaa: "Mdharau mwiba mguu huota tende." Wamarekani hawakuelewa. Tanga haikulala.

Swalha ni wa Tanga, Chumbageni. Wenzake wote walichapisha kanga za Boyd, maana Kariakoo hununua mshindi. Yeye peke yake alichapisha za Oakes, methali ile ikiwa ndiyo jina la kanga, na Sanyuanli nzima ikamcheka. Hakujali. Kina mama wa mtaani kwao walimtuma yeye, mdogo kuliko wote, kwa ajili ya kanga hizo, na walitaka ziwe sokoni wiki hiyohiyo ya uchaguzi. Lori la kwenda uwanja wa ndege lilikuwa linaondoka saa kumi jioni. Kanga ya ushindi ni kama mkate: wiki ikipita, hakuna anayeutaka. Zikikosa ndege ile, Swalha alijua hatatumwa tena na mtu yeyote.

Mzee Harun alipangusa povu, akatazama magunia, kisha akamtazama Vuai.

"Ufunguo wa stoo anao nani?"

Vuai, mfungaji mizigo wa ofisi ile, Mpemba wa Wete na baba wa watoto wawili, akavua kofia. "Nnao mie, mzee."

"Basi saa kumi lori likiondoka bila kanga za mtoto wa watu, na wewe unaondoka. Kwangu, na China nzima. Nitakupeleka polisi kwa mkono wangu mwenyewe."

"Mzee, ngoja kwanza," alisema Swalha huku akilia. "Mwite Afande."

Afande alikuwa Kalista. Zamani alikuwa sajenti wa upelelezi Bukoba. Sasa alinunua nguo za watoto Zhanqian Road na kuzipeleka nyumbani. Watu walimwita Afande nusu kwa heshima na nusu kwa utani, naye aliitika yote mawili. Alifika saa tatu kasoro na chapati mkononi, akaimalizia mlangoni bila haraka, kisha akachuchumaa.

"Kiwanda hakikukosea?" aliuliza.

"Hakikukosea, Dada Kalista. Jumatatu nilizipokea mwenyewe, nikazifukiza udi nyumbani, nikazitia kwenye magunia."

"Udi?"

"Kanga ikitoka kiwandani inanuka mafuta ya taa. Mama yangu hapokei kanga ya namna hiyo. Nilifukiza mpaka king'ora cha moto cha jengo kikalia."

Kalista alisogeza pua kwenye gunia. Udi. Akachukua kanga ya Boyd, akainusa: mafuta ya taa matupu.

"Gunia ni lako, alama ni yako, kilichomo si chako. Zilibadilishwa humuhumu." Akashika mdomo wa gunia. Ulikuwa umeshonwa kwa mkono, kwa uzi mweupe mnene, na kwenye pembe zake mbili yalisimama masikio mawili yaliyofungwa vizuri, kila moja la kujaa kiganja. Magunia yote matatu yalikuwa hivyohivyo. "Vuai, hii kazi yako?"

"La hasha, Afande. Mie nashona kwa mashine. Uzi mwekundu, mdomo bapa. Jana alasiri niliyafunga yote kwa mashine."

"Ndivyo mwizi angesema," alidakia Mzee Harun.

"Na ndivyo asiye mwizi angesema pia, mzee wangu," alijibu Kalista. "Vuai, jana stoo uliiacha saa ngapi?"

"Magharibi. Nikaenda kuswali, nikapitia kula. Ufunguo nikautundika."

"Msumarini? Nyuma ya mlango wa ofisi?"

Vuai aliinamisha kichwa. Msumari ule ulijulikana na kila Mtanzania wa Sanyuanli. Kamera ya jengo nayo ilitazama mlango wa barabarani tu, ambako watu huingia na kutoka na mizigo kutwa nzima.

Ukutani palikuwa na rundo la magunia yanayosubiri lori, kila moja na alama ya mwenyewe kwa rangi. Swalha aliyanyooshea kidole.

"Si tufungue yote tutazame?"

"Thubutu!" Mzee Harun aliruka. "Gunia lenye alama ni nyumba ya mtu. Nikifungua la mtu bila ushahidi, kesho hakuna atakayeniletea hata pakiti ya pini."

Kalista hakubisha, kwa sababu mzee alisema kweli. Katika biashara ile mtu aliyefungua gunia la mwenzake hakusamehewa, awe na sababu au asiwe nayo. Kwanza ilibidi ajulikane mwizi, ndipo lifunguliwe gunia lake.

"Jana nani wengine walileta mizigo?"

"Goodness na Rivo," alisema mzee. "Na wote wawili wamechapisha kanga za Boyd, tena kwa laoban mmoja, yule mama wa soko la vitambaa la Zhongda. Kanga zao ni zilezile."

Laoban ni bosi, na mama yule alikuwa bosi wa nusu ya kanga zote zilizopita mikononi mwa Watanzania wa mji ule.

Saa nne Kalista alikaa na Goodness kwenye benchi la ofisini. Ukutani televisheni ilionyesha ramani ya Marekani, na Boyd alikuwa mbele. Goodness ni mwanamke wa Moshi, mrefu, jirani wa Swalha ghorofa moja, na hakuwa na subira.

"Aisee Afande, unanihoji mimi? Huyu mtoto kanivutisha moshi Jumatatu nzima, king'ora kinalia, nimeshuka ngazi na nguo ya kulalia, Wachina wananipiga picha! Nani amdai mwenzake?"

"Kwa hiyo ulikasirika."

"Nilikasirika, ndiyo! Nikamwambia udi wake ataufukiza kwao. Lakini kuiba? Mungu wangu anaona."

"Jana ulikuwa wapi?"

"Asubuhi niliacha mzigo hapa, kisha Zhanqian Road, tangu maduka yafunguliwe mpaka yafungwe. Jinzi. Kila nikitaja bei, 'bu xing, bu xing,' haiwezekani, nikaondoka nimevimba miguu. Muulize Mama Jovin, tulikuwa naye."

"Gunia unajua kushona?"

"Mimi fundi cherehani niliyesomea. Suti nashona, sembuse gunia?" Goodness alinyanyua kidevu, kisha akagundua alichokisema, kidevu kikashuka.

Mzee Harun, aliyekuwa akisikiliza nyuma ya pazia, alimwashiria Kalista kwa jicho: huyu huyu. Kalista akajifanya hakuona.

Saa tano aliingia Rivo, jina lake kamili Revocatus. Shati jeupe, saa kubwa, manukato yaliyotangulia mlangoni. Kwa miaka mingi kila kanga mpya ya jambo kubwa, iwe harusi ya mkubwa au mashindano ya mpira, iliingia Kariakoo kwa mkono wake kabla ya mkono wa mtu mwingine, na hakuchoka kulisema hilo.

"Pole sana kwa binti," alisema akikaa. "Nilimwonya. Biashara ya kanga si mchezo wa kitoto."

"Jana ulikuwa wapi, Bosi Rivo?"

"Zhongda mchana kutwa, kwa yule laoban wetu, kufuata sampo. Nikarudi kwa metro jua likizama, nikaja hapa kuacha mzigo, nikaenda kulala."

"Stooni uliingia?"

"Niliingia nikatoka. Vuai hakuwepo. Sikuona ajabu, huyo bwana haonekani kazini." Alicheka. "Afande, tuache utani. Tazama ramani ile. Boyd anapeta. Mtu mwenye akili aibe kanga za mshindwa azipeleke wapi? Akapigie deki? Hilo ni kosa la mfungaji, kachanganya mizigo."

"Huenda. Na gunia, unajua kushona?"

Revocatus alimwonyesha viganja. "Mimi? Mimi ni mtoto wa mjini, mama. Nina vijana wa kazi hizo. Tangu nizaliwe sijashika sindano ya gunia."

Alipotoka, Kalista alibaki akiitazama ramani bila kuiona. Rivo alikuwa amesema neno la maana kuliko yote ya asubuhi ile. Kweli, nani aibe kanga za mshindwa? Kanga zilichukuliwa Jumanne jioni, wakati Marekani ndiyo kwanza kunakucha na watu hawajapiga kura. Dunia yote ilisema Boyd. Basi mwizi alikuwa na habari ambayo dunia haikuwa nayo.

Alichukua simu akamtumia ujumbe wa sauti yule mama wa Zhongda. Bendera na kofia za Wamarekani hutoka viwanda vilevile vinavyochapa kanga, na wafanyabiashara wa pale wana imani yao: oda za dakika ya mwisho husema kweli kuliko redio. Jibu lilikuja upesi, kwa Kiswahili cha sokoni.

"Oakes, nyingi nyingi! Wamarekani oda tena, tena. Boyd, mei you, basi. Jana nimemwambia pengyou!"

Yaani Boyd hana tena oda, na rafiki aliambiwa. Tatizo ni kwamba kwa mama yule Mwafrika yeyote ni pengyou. Kalista aliuliza ni rafiki yupi, lakini wateja walikuwa wamejaa dukani na jibu halikuja. Akaweka simu mfukoni. Moyoni alikwisha kuwa na mtu wake, ila alihitaji jambo la kumwonyesha Mzee Harun ili magunia yafunguliwe, na saa zilikuwa zinakwenda.

Saa saba Ohio ikageuka. Kisha Pennsylvania. Watu wakaanza kujaa ofisini, hata wale waliokuja kuchukua mizigo tu wakasahau mizigo. Saa nane mchana ramani ikasimama, mtangazaji akavuta pumzi, na sura ya Miriam Oakes ikajaa kwenye kioo. Goodness ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza, yeye aliyechapisha Boyd, na akamkumbatia Swalha kana kwamba hawakuwahi kugombana. Vuai alilia waziwazi. Swalha alicheka huku akilia, maana ushindi alioungojea peke yake ulikuwa umefika, na kanga zake hazijulikani zilipo.

Kalista alipiga makofi.

"Jamani, tusikilizane! Swalha hana njia. Atapeleka hizihizi za Boyd, zitafaa hata nepi. Ubavu wa magunia umechanika, kwa hiyo tunahamisha kwenye mapya. Mashine ya kushonea imeharibika, tutashona kwa mkono." Sindano ya mashine ile ilikuwa mfukoni mwake yeye mwenyewe, lakini hilo hakulisema. "Vuai gunia moja, Goodness moja. Na Bosi Rivo, wewe mkubwa wetu, utamsaidia mtoto moja?"

Watu wote walimtazama Revocatus. Alikuwa na furaha ngeni siku ile kwa mtu ambaye mgombea wake ameshindwa, na mkubwa hakatai mbele ya halaiki. "Mimi kushona sijui," alisema akikunja mikono ya shati, "lakini kwa ajili ya binti nitajaribu."

Wakaanza. Vuai, aliyezoea mashine, alishona kama anayeogopa gunia. Uzi ulikwenda upogo na akajichoma kidole mara mbili. Goodness aliukunja mdomo ndani kama pindo la suruali, akashona kwa mishono midogo iliyonyooka, hata Mzee Harun akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kalista yeye alikuwa amesimama karibu na Revocatus, akimpigisha soga za Marekani.

"Sasa huyu mama atakaa Ikulu yao kweli?"

"Atakaa, kwa nini asikae?" Revocatus aliongea, mikono ikaenda yenyewe. Alibana pembe ya gunia, akaizungushia uzi, akaifunga chini, sikio likasimama. Akavuka na mishono mirefu sawasawa mpaka pembe ya pili, akabana, akazungusha, akafunga.

"Hee, Bosi Rivo!" alisema Kalista kwa sauti ya kusifu. "Kumbe fundi! Haya masikio ya nini?"

"Aa, gunia lisilo na masikio mpakiaji atalishika wapi? Marehemu baba angekutandika ukimfungia gunia la mpunga bila masikio. Kyela sisi..."

Akaitazama mikono yake mwenyewe. Ofisi nzima ikaitazama naye.

Kalista alitoa chini ya benchi magunia matatu ya asubuhi, yale yaliyochanwa ubavu, akayalaza kando ya lile jipya. Uzi ule, mzungusho ule, fundo lilelile chini ya sikio. Hakuna aliyehitaji kuambiwa.

"Asubuhi uliniambia tangu uzaliwe hujashika sindano ya gunia," alisema. "Kushona gunia si aibu, Rivo. Mimi mwenyewe nimekulia kwenye kahawa. Nikajiuliza, kwa nini mtu alikane jambo ambalo si aibu?"

"Masikio hushonwa nchi nzima!" Revocatus alisema, jasho likimshuka.

"Kweli. Lakini waliokuwa na kanga za Boyd za kujazia ni wawili, wewe na Goodness, na mshono wa Goodness ni huu hapa. Na aliyekuwa Zhongda jana, mahali pekee walipojua kwamba Wamarekani wameacha kuagiza Boyd, ni wewe. Ulirudi na habari hiyo ukakuta ufunguo msumarini. Mzee Harun, sasa utafungua?"

Mzee Harun alichukua wembe, akaenda mwenyewe kwenye magunia yenye alama ya Revocatus. La kwanza lilikuwa limetandikwa nailoni nzito ndani. Alipoichana, udi ulitoka ukajaa ofisini, na nyuma ya udi ikatoka sura ya Mama Oakes, anacheka. Swalha akapiga magoti pale pale, akafuta machozi kwa kanga yake mwenyewe.

"Huo udi!" alisema Goodness. "Ningeujua hata kuzimu!"

Revocatus alikaa kwenye benchi. Manukato yake hayakusikika tena.

"Zilikuwa zimebaki saa chache," alisema bila kumtazama mtu. "Hata ningechapisha zangu, zisingewahi. Miaka yote hii kanga mpya inaingia Kariakoo kwa jina langu. Nilimcheka huyu binti mbele ya watu wote. Halafu kesho yake wote waseme Rivo kashindwa na mtoto wa juzi? Sikuweza. Nikasema nikitoa zake, nikatia zangu, watasema Vuai kachanganya."

"Na mie watoto wangu wangekula nini?" aliuliza Vuai. Aliuliza polepole tu, lakini Revocatus alifunika uso.

Mzee Harun alimgeukia mfungaji wake. Kumwomba radhi mtu uliyemtukana asubuhi ni kazi, hata hivyo mzee aliifanya, mbele ya wote, tena kwa mikono miwili. Kisha akasema: "Alama ya Rivo naifuta hapa ofisini kwangu leo. Polisi, niwaite au nisiwaite, aamue Vuai."

Vuai alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tisa na nusu.

"Polisi watatuweka hapa mpaka kesho, na lori litatuacha," alisema. "Mie nataka jambo moja. Magunia ya Swalha ayabebe yeye, kwa bega lake, mpaka kwenye lori. Hana haja ya kijana."

"Na masikio si anayo ya kushikia!" alisema Goodness, na kicheko kilichopasuka kilisikika mpaka barabarani.

Swalha alitoa doti moja, akaikata katikati, akajifunga kipande kimoja na kingine akamtandaza Kalista mabegani, juu ya koti lake. Ukimgawia mtu kanga ya pili ya doti yako, umemfanya ndugu. Kalista, ambaye majambazi wa Bukoba hawakuwahi kumtoa chozi, aligeukia ukutani kidogo.

Wakatoka kwa vigelegele, Swalha mbele, akicheza. Njia ya kwenda kwenye lori ilikuwa nyembamba, katikati ya mikokoteni na mabunda ya Wachina waliosimama kushangaa. Revocatus alifuata nyuma yake na gunia begani, akaenda akarudi mara tatu, na kila safari Swalha alimtangulia makusudi. Jina la kanga lilikuwa limemkaa Swalha mgongoni, herufi kubwa nyeusi, na Revocatus hakuwa na pengine pa kutazama.

MDHARAU MWIBA MGUU HUOTA TENDE.